Binti Siki

Barua ya shule ilikuwa fupi:
Apondi amefika darasani akinuka pombe.
Mje mumchukue.
Miaka ishirini na miwili nimesimama mahakama ya Winam
nikivusha maneno ya watu,
Kijaluo kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza,
walevi, wezi wa nyavu, wajane wa mipaka ya mashamba.
Barua hiyo niliisoma mara tatu
na sikupata pa kuivushia.

Alikuwa amelala benchini karibu na bendera,
midomo mikavu, pumzi ndefu, ndefu mno,
kama mtu anayepanda Riat na gunia mgongoni.
Nilimwinamia. Kweli alinuka:
mapera yaliyosahauliwa ndani ya kapu.
Nikamuuliza, kwa sauti ya kizimbani, nani amekupa.
Akasema, "Maji, baba."

Ni shangazi yake, Akelo wa saluni ya Kondele,
aliyenusa mara moja akarudi nyuma:
"Hii si pombe. Hii naifungua kila siku
kuwafutia wateja rangi ya kucha.
Asetoni. Imefikaje kinywani mwa mtoto?"

Katika hospitali ile ambayo wazee bado wanaiita Russia
daktari kijana, Kageha, alimtoboa kidole.
Mashine ikakataa kutaja namba,
ikaandika tu kwamba ni juu.
Kisha akatamka neno ambalo sijawahi kulilia kiapo:
ketojenesisi.
Mke wangu akanivuta shati. "En ang'o?"
Mimi, mkalimani, nikameza mate.

Usiku, dripu ikihesabu matone,
nilimwomba Kageha anipe neno lile
kipande kipande, kama ushahidi.
Jenesisi nalijua, nikasema, ni Mwanzo,
kitabu cha kwanza, giza juu ya vilindi.
"Basi keto," akasema, "ni asetoni iliyokatwa kichwa.
Mjerumani mmoja aliing'oa herufi ya mbele
na kilichobaki kikatembea hivyo hivyo.
Asetoni nayo imetoka kwenye siki, siki ya Warumi.
Mkia wake, ile -oni, wengine husema ni wa Kigiriki:
binti wa."

Binti siki.
Nyar siki, nikanong'ona,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo
neno likavuka.

Akaendelea, macho mekundu ya zamu:
sukari imejaa damuni pomoni
lakini insulini, mwenye ufunguo, hayupo.
"Ini halioni shehena iliyokwama mlangoni.
Linaambiwa kuna njaa, linaamini.
Linayeyusha mafuta, linazaa ketoni, linazaa tena.
Kwa aliyefunga siku moja hiyo ni hisani.
Kwa huyu ni Nyando ikivunja kingo."

Nililifikiria lile ini.
Tumelitwika mengi katika lugha hii,
uchungu, huruma, maneno ya kukata maini.
Hakuna aliyeniambia kuwa ni mpishi,
kwamba kuni zikiisha atachoma meza,
atachoma kitanda, atachoma mlango,
ili mtoto asilale bila kula.

Mke wangu nilimtafsiria hivi:
mwili wake ulidhani tumemnyima.
Akalia. Nikajua nimetafsiri vibaya.
Nikarudia: mwili wake ulikuwa unampikia,
hakuna aliyeuambia basi.
Akanyamaza, akamshika mguu juu ya shuka.

Siku ya tatu Apondi alilalamika kuhusu sindano,
kuhusu uji, kuhusu mimi kukoroma kitini.
Nilimwinamia tena, nikijifanya natafuta miwani.
Pumzi ya mtoto aliyeamka, basi.

Shuleni niliandika kwa mtindo wa kazini:
palipoandikwa pombe pasomeke siki.
Nikaongeza mstari ambao hawakuuomba,
kwamba hata mkalimani alikosea, na yeye ni baba.
Hawajajibu.

Akelo akifungua kichupa chake siku hizi
mimi hutoka nje.
Nasimama kando ya fundi viatu, sina la kumwambia,
hadi mteja atoke
akipuliza kucha zake mpya.